Mwisho wa Siku ni Saa Ngapi?

Kila lugha ina njia yake ya kukiendea kikomo cha jambo. Mwingereza akitaka kusema kwamba mkutano u karibu kufungwa, husema mkutano unajivuta kuelekea kufungwa. Muda ukimpungukia, husema unamkimbilia nje. Na gari kuukuu, kwake yeye, limesimama juu ya miguu yake ya mwisho. Katika Kiingereza semi hizo zimekaa mahali pake, tena baadhi yake zina ladha ya ushairi. Taabu huanza pale msemaji wa Kiswahili anapozibeba neno kwa neno, akadhani kwamba amefasiri. Kati ya mizigo hiyo iliyobebwa hivyo, mmoja umeenea katika redio, bungeni, ofisini na hata katika insha za wanafunzi wetu, nao ni usemi “mwisho wa siku”, ukitumiwa kwa maana ya “hatimaye” au “baada ya yote”.

Uzito wa jambo hili niliutambua Nyambureti, wilayani Serengeti, nilikokwenda kikazi miaka kadhaa iliyopita. Wilaya ile inapakana na hifadhi, na tembo hawasomi mabango ya mipaka. Shamba la mahindi au mtama lililopaliliwa kwa miezi huweza kumalizwa kwa usiku mmoja. Serikali imeweka malipo kwa ajili ya hasara hizo: kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Siku ile kijana mmoja mtumishi, ambaye ofisi yake sitaitaja, alikuja kuwaeleza wananchi juu ya madai yao. Alieleza vizuri kuhusu fomu, tathmini na safari ndefu ya makaratasi. Kisha akahitimisha kwa sauti ya upole: “Wazee wangu, msiwe na wasiwasi. Mwisho wa siku kila mtu atapata haki yake.” Akapigiwa makofi, akapanda gari, akaenda zake.

Watu wengi walitawanyika. Wazee wanne na mama mmoja mjane walibaki chini ya mti. Ikapiga saa kumi, wapo. Saa kumi na moja, wapo. Nilipokwenda kuwauliza kama kuna shauri lililosalia, yule mama alinijibu, “Tunangoja, mwanangu. Si amesema mwisho wa siku?” Jua lilikuwa limekwisha kuinama.

Mtu mwepesi wa kudharau angesema kwamba watu wale, ambao majumbani mwao husema Kingoreme na Kikurya, hawakielewi Kiswahili. Mimi nasema kwamba siku ile waliokielewa Kiswahili ni wao. Waliambiwa maneno matatu, nao wakayapa maana ambayo maneno hayo yanayo. Siku ya Mswahili ina mwisho unaoonekana kwa macho. Saa zetu za mchana twazihesabu tangu jua kuchomoza, na za usiku tangu kuchwa. Na kwa desturi ya kale ya pwani siku huishia magharibi, hata usiku wa Jumapili ukawa ni ule unaofuata machweo ya Jumamosi. Tena wazee wale walilelewa na lugha zisizofanya mzaha na wakati. Katika Kikurya umbo la kitenzi lenyewe hutenga jambo lililotendeka leo na lililotendeka zamani. Mtu aliyezoea kusema hivyo hawezi kudhani kwamba “mwisho wa siku” ni siku yoyote itakayokuja au isiyokuja.

Sisemi Kiswahili kisikope. Kimekopa Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza, nacho hakikufa, kimenenepa. Lakini akopaye hutazama kwanza ghalani mwake, na katika jambo hili ghala letu limejaa mpaka mlangoni.

Tuanze na vitenzi. Mvua hukatika, hukoma, huisha, na kila kimoja kina kazi yake: iliyokatika yaweza kurudi baada ya kitambo, iliyokoma imetua, na mvua zilizokwisha ni za msimu mzima. Maji ya bomba yakikatika twalaumu mitambo. Yakiisha mtungini twatafuta ndoo. Bahari hupwa. Mwanafunzi huhitimu. Ahadi hutimia. Siku za mtu, au dakika za mchezo, huyoyoma, na sijui kama liko neno lililo zuri kuliko hilo kwa kitu kinachopungua polepole huku tukikitazama bila ya kuweza kukishika. Kutokana na kuisha tukapata mwisho. Kutokana na kukoma tukapata kikomo. Hata sarufi yetu imeshiriki: “nimekwisha kula” imefupishwa ikawa “nimeshakula”, hivi kwamba kitenzi cha kuisha kimekuwa kiungo kidogo tu ndani ya kitenzi kingine, na mtoto wa darasa la kwanza hukitumia kutwa bila ya kujua kwamba ametaja mwisho.

Nimeandika “kutwa”. Neno hili latosha peke yake kufundishia somo zima. Mchana kutwa ni mchana mpaka jua lichwe, na usiku kucha ni usiku mpaka kuche. Lugha yetu hulipima pande zima la wakati kwa kutaja pale linapoishia. Ndivyo ilivyo pia katika “usiku wa kuamkia Jumatatu”, usemi tuusikiao kila mara katika taarifa za habari: usiku umepewa jina la asubuhi unayoiendea. Mwenye lugha ya namna hii hana haja ya kuazima mwendo wa kuuelekea mwisho, maana anao ndani ya hesabu yake ya kila siku.

Watangazaji wa mpira, ambao walimu wengi huwalaumu kwa kuharibu lugha, katika hili nawavulia kofia. Dakika za mwisho za mchezo Mwingereza huziita dakika zinazokufa. Watangazaji wetu hawakuzifasiri. Waliziita dakika za lala salama, na bao linalofungwa wakati huo wakaliita bao la jioni, hata kama mchezo umeanza saa mbili usiku chini ya taa! Aliyetunga “lala salama” hatumjui, wala hakuomba kibali kwa baraza lolote. Lakini usemi wake umehamia hata kwenye kampeni za uchaguzi, na kila mtu anauelewa.

Washairi nao wana adabu yao. Mtunzi wa jadi hamwachi msomaji wake gizani: hutaja kaditama au tamati, na katika tenzi nyingi hutaja jina lake, pengine na tarehe au idadi ya beti, ili ijulikane kwamba hapa ndipo palipokomea. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare, tafsiri iliyotoka 1963, hakuona haya kuirudia na kuisahihisha. Toleo jipya likatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kama yeye, pamoja na shughuli za dola, alipata nafasi ya kuyapima tena maneno yake, mwalimu wa kidato cha pili naye anaweza kuuzungushia wino mwekundu “mwisho wa siku” uliomo katika insha, akamwuliza mwanafunzi: siku gani?

Nikubali, hata hivyo, kwamba si kila tatizo la Nyambureti lilikuwa la tafsiri. Jioni ile, kwa kuwa nilijulikana kuwa ni mtu wa kalamu, niliombwa kusaidia kuandika muhtasari wa mkutano. Nilipofika kwenye maneno ya yule kijana nikayafuta, nikaandika kwa Kiswahili safi: “Hatimaye kila mwananchi atapata haki yake.” Nikawasomea wale waliobaki, nikiwa na furaha kidogo ya fundi aliyenyoosha ubao. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaniuliza:

“Hatimaye hiyo, bwana, ni tarehe ngapi?”

Nilirudisha kifuniko cha kalamu, nikasema tutaulizia wilayani. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na yule mama alikuwa anajifunga kanga yake vizuri kwa safari ya kurudi shambani kulinda.