Masini inapima nini? Juu ya gazi, presha na sifa za «otomatiki»

Kuna neno linatupendeza sana siku hizi: otomatiki. Tunaliweka ndani ya kila mradi kama vile limeshajibu maswali yote. Mimi nalipinga kidogo, na mfano wangu ni gazi.

Gazi asilia inasafiri ndani ya bomba kubwa kwa presha kali, kisha regileta inaipunguza mbele ya kuingia mitaani. Kipaipu kidogo kinapima presha upande wa nyumba: ikishuka, vali inafunguka zaidi, ikipanda, inajifunga. Hakuna mtu anayegusa kitu.

Sasa tuone tarehe 13 Septemba 2018, miji ya Lawrence, Andover na North Andover, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mafundi walitenga bomba la zamani la chuma, gazi ipite ndani ya jipya la plastiki. Lakini vipaipu vya kupimia vilibaki kwenye lile la zamani. Humo presha ikashuka, regileta zikafunguka kabisa, na ndani ya bomba jipya presha ikapita mara kumi ile ya kawaida. Nyumba zikalipuka na kuungua. Kijana mmoja akafa, watu zaidi ya 20 wakaumia. Kule Columbus, Ohio, wasimamizi waliona alama za hatari kwenye kompyuta, lakini hawakuwa na namna ya kufunga vali toka mbali.

Angalieni vizuri: regileta hazikuharibika, zilitii. NTSB, shirika la serikali linalochunguza ajali, lililaumu mpango na usimamizi wa kazi. Hati ya kazi haikutaja vile vipaipu. Sisi wa kilimo tunaelewa: ukipanda kipima unyevu nje ya shamba, pompa itamwagilia mpaka mimea ioze.

Juu ya nini nasema haya Yanonge, tunakopika kwa kuni na makala? Kwa sababu mwaka 2022 Kinshasa ilitangaza zabuni ya bloki 3 za gazi ya Ziwa Kivu, na Dar es Salaam tayari kuna nyumba zinazopikia gazi ya bomba. Siku bomba litafika Goma ao Bukavu, hati za kazi tutaandika sisi wenye diploma. Mbele ya kusifu masini, tuulize: inapima wapi, nani alisoma mpango mara ya pili, na hatari ikitokea, nani ana uwezo wa kufunga?