Punje Moja

Mfuko wenyewe ni wa gramu 250, na umefika Karatu kwa kuzunguka dunia. Kahawa iliyomo ilivunwa kwenye miteremko ya Oldeani, ikavuka bahari, ikakaangwa Marekani, kisha rafiki aliyekuja likizo akaniletea zawadi. Mbele wameandika “Tanzania Peaberry”. Huko watu wanaitafuta na kuilipia zaidi. Sisi tuliijua kama PB tu, na mama aliichambua misimu mingi, kibarua cha kutwa, bila kuionja hata siku moja. Nyumbani tulikunywa chai.

Kwa kawaida tunda la buni hubeba mbegu mbili zilizolaliana ubapa kwa ubapa. Katika matunda machache mbegu moja haikui, na iliyobaki hujaza nafasi yote, ikawa ya duara kama njegere. Wauzaji husema imekula chakula cha wawili, ndiyo maana ni tamu kuliko nyingine. Hadithi nzuri. Nilitaka kusikia ulimi unasemaje.

Kulinganisha kahawa za wakaangaji wawili si haki, kwa hiyo niliomba kiganja cha PB mbichi na kiganja cha AA, shamba moja, msimu mmoja, nikakaanga mwenyewe jikoni. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kwanza: PB ilibingirika kwenye kikaango kama gololi na kuiva sawasawa, wakati AA ililala ubavu na kuungua kidogo. Huenda sifa yake nusu inatokana na kubingirika huko.

Mdogo wangu akamimina vikombe viwili bila kunionyesha kipi ni kipi. (Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo hatukusubiri yapoe.) Kikombe cha kwanza kilikuwa chepesi, na ukali wa limau uliofuatwa na utamu wa mua. Kizuri, lakini kinapita haraka kama mgeni mwenye safari. Cha pili kilikuwa kizito. Mfuko wa Marekani unaahidi zabibu kavu. Mimi nilikutana na zambarau, ile inayobaki imegandamana na ulimi. Nikaapa kwamba hicho ndicho PB.

Kilikuwa AA.

Mama alichagua cha kwanza. “Hiki cha pili kina moshi,” alisema, akaongeza sukari vijiko viwili na kuniharibia jaribio. Bado nasimama na cha pili. Uadimu wa PB ni wa kweli, ila haukai kwenye kikombe. Uko kwenye kuchambua, na hilo mfuko haukulitaja.

Nilipokuwa nikiandika haya, mama alivuta ungo wenye AA iliyobaki mbichi. Hakuvaa miwani. Vidole vikazunguka mara moja, akachomoa punje moja ya duara, akaiweka kwenye daftari langu.

“Hii imewapita.”