Dawa ilikuwepo, kilichojaribiwa ni njia

Retinoblastoma ni saratani ya retina inayowapata watoto wadogo, wengi wao kabla hawajafikisha miaka 5. Macho ambayo zamani yangeondolewa bila mjadala sasa mengi yanabaki, na sifa hupewa dawa. Kwa maoni yangu sifa hiyo imekwenda kusikostahili. Mwaka 1987 huko Tokyo, Inomata na Kaneko walipima dawa 12 dhidi ya seli za uvimbe huu maabara, na melfalani, dawa iliyokuwa tayari ikitumika kwa saratani nyingine, ikafanya vizuri kuliko zote. Kikwazo kilikuwa kwamba kipimo kinachotosha kuua uvimbe, kikipitishwa mwili mzima, huuumiza uboho wa mtoto. Kilichohitaji kujaribiwa, basi, kilikuwa njia ya kuifikisha.

Wajapani waliziba kwa muda ateri kubwa inayoelekea ubongoni, juu kidogo ya tawi la jicho, ili dawa ielekee huko. Mwaka 2006 New York, Abramson na Gobin waliisogeza katheta hadi mlangoni mwa ateri ya jicho lenyewe. Ripoti yao ya 2008 ina watoto 10, wote wakiwa na jicho lililokwisha kupangiwa kuondolewa. Kwa 9 katheta ilifika, na macho 7 hayakuondolewa. Wapo wanaolalamika kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha. Lakini hatima ya macho hayo ilikuwa inajulikana kabla ya sindano ya kwanza, na ulinganisho ulikuwa umo humo humo. Pingamizi lenye uzito ni jingine: kuchelewa kuliondoa jicho kunaweza kuipa saratani nafasi ya kupenya kwenye neva ya jicho na kwenda mbali. Ndiyo maana idadi ya macho yaliyobaki, hata ikipendeza namna gani, haiwezi kusomwa peke yake bila kujua ni watoto wangapi wako hai miaka kadhaa baadaye.

Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya sindano ya ndani ya jicho iwe mwiko kwa miongo mingi. Vipande vya uvimbe vinavyoelea kwenye ute wa jicho havifikiwi vizuri na dawa, kwa kuwa ute hauna mishipa ya damu. Lakini kulitoboa jicho lenye saratani ni kuweza kuzitoa seli nje. Munier na wenzake wa Lausanne, katika kazi waliyoichapisha 2012, waliigawa hatari hiyo hatua kwa hatua. Kwanza walihakikisha mahali pa kutoboa hapana uvimbe. Wakapunguza maji ya mbele ya jicho ili shinikizo lishuke na ute usirudi nje. Wakaingiza melfalani mikrogramu 20 hadi 30 kwa sindano nyembamba mno, kisha wakaigandisha njia yake kwa baridi kali wakati wa kuichomoa, ili seli yoyote iliyonaswa ife papo hapo. Walichoma sindano 122 katika macho 23 yaliyokwisha kushindikana kwa tiba nyingine. Macho 20 yalibaki, na hakuna saratani iliyoonekana kutoka nje.

Msomaji wa huku anaweza kuuliza haya yanamfaa nani. Uchunguzi wa kimataifa wa watoto waliogunduliwa 2017 ulionyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini karibu nusu walifika saratani ikiwa imeshatoka nje ya jicho, na kwao dawa ya kuwekwa jichoni pekee haitoshi. Ni kweli, ila nusu nyingine ipo, na sindano haidai mtambo wa gharama wa kuongozea katheta.

Kinachonisumbua zaidi ni uoni. Majaribio ya Memphis kwa nyani, watafiti wakiitazama retina wakati melfalani ikipita kwenye ateri, yaliona mishipa ya retina ikidhurika papo hapo. Jicho linaweza kubaki na lisione. Mtoto wa miezi 10 hasomi herufi za ukutani, kwa hiyo kila jaribio jipya linapaswa kupima mwitiko wa umeme wa retina mtoto akiwa usingizini, kabla na baada ya kila dozi, kama walivyoanza kufanya New York.