"Changamoto ya Upumuaji": Kiswahili cha Viongozi Wakati wa Korona



Mie ni mtu wa isimu, sio daktari, kwa hiyo nitasema juu ya maneno tu.

Tarehe 29 Aprili 2020 serikali ya Tanzania ilitangaza wagonjwa 480 wa korona. Baada ya hapo takwimu za taifa zikakoma kwa zaidi ya mwaka. Tarehe 3 Mei Rais Magufuli, akiwa Chato, akaeleza jinsi sampuli za papai na mbuzi zilivyopelekwa maabara kwa majina ya watu, zikarudi na korona. Wengi wetu huku ughaibuni tuliicheka hotuba ile. Nadhani tulikosea. Kuuliza kama maabara inapima sawasawa ni swali halali kabisa, na aliliuliza kwa Kiswahili cha barazani ambacho dada yangu kule Tanga alikielewa mara moja. Nairobi, Waziri Mutahi Kagwe alikuwa akitoa idadi karibu kila siku, lakini sehemu kubwa kwa Kiingereza. Dada angeambulia nini pale?

Kosa la hotuba ya papai ni kwamba baada ya swali, wananchi hawakuletewa vipimo bora. Waliondolewa hesabu yenyewe.

Na jina la ugonjwa nalo likaanza kukwepwa. Mapema 2021 likaenea "changamoto ya upumuaji". Litazameni vizuri. Changamoto ni neno la semina, kitu cha kukabiliana nacho. Haiambukizi. Dada akanipigia simu: jirani kafa kwa changamoto hiyo, naye anajiandaa kwenda mazikoni. Nikamwambia avae barakoa. "Kwani ni korona?" Hospitali ilikuwa haijasema, na mie nipo Leeds. Ningemjibu nini? Akaenda vivyo hivyo.

Haikupita muda, chama cha ACT-Wazalendo kikatangaza wazi kwamba Maalim Seif Sharif Hamad anaumwa korona. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, Mungu amrehemu. Sijui kama wanasiasa waliona uzito wa tangazo lile, kiongozi anatajwa kwa jina na ugonjwa wake kwa jina, kwa Kiswahili cha kawaida. Wiki ile dada, ambaye wala si mtu wa chama hicho, alishona barakoa nne kwa kitambaa cha kanga, akanitumia picha. Mwaka mzima nilikuwa nikimsihi kwa simu.