Kiolezo Kisicho Kitupu: Uhakiki wa Faili ya settings.py kwa Macho ya Kolwezi

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Makala haya yanahakiki matini ya aina nyingine, yaani kiolezo cha kuanzishia programu ya tovuti. Tumechagua Django, iliyobuniwa katika chumba cha habari cha gazeti huko Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Mtayarishaji akitoa agizo la startproject hupata faili kadhaa, mojawapo ikiwa settings.py. Tunadai kuwa kiolezo hiki, kinachodhaniwa kuwa kitupu, huja kikiwa kimekwisha kuamua mambo mengi kuhusu lugha na saa, na kwamba wanaodhurika ni wasomaji walio mbali na mahali maamuzi hayo yalipofanyika.

2.0 Ubora wake

Hapana budi kukiri ubora wa kiolezo hiki. Humwondolea mwanafunzi kazi ya siku nyingi, na mpangilio wake unasomeka. Aidha kina maonyo ya wazi: ufunguo wa siri ufichwe, na DEBUG izimwe kabla ya programu kupandishwa kwenye seva. Lakini penye LANGUAGE_CODE, iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, na TIME_ZONE, iliyowekwa UTC, hakuna onyo lolote.

3.0 Siku ya tatu ni ipi?

Tuchukue mfano wa daftari la ununuzi wa madini huko Kolwezi, makao makuu ya Mkoa wa Lualaba tangu mwaka 2015. Mtayarishaji mwenye nia njema ataandika sw mahali pa Kiingereza, akidhani amemaliza. Orodha ya lugha za Django ina sw moja tu, nayo ni ya Kiswahili sanifu. Hata hivyo, viwango vya ISO hutenganisha Kiswahili cha Kongo kwa alama ya swc, na hazina ya CLDR ya Unicode ina maelezo ya sw-CD.

Tofauti hiyo si ya lafudhi tu. Kiswahili sanifu huhesabu siku kuanzia Jumamosi, hivyo Jumatatu ni ya tatu. Katika Kiswahili cha Katanga, siku ya kwanza ndiyo hiyo Jumatatu, na siku ya tatu ni Jumatano. Mchimbaji akiandikiwa kwamba atalipwa Jumatatu, naye akaifasiri kwa hesabu ya kwao, atafika siku mbili baadaye.

4.0 Nukta, mkato na saa

Kolwezi hufuata desturi ya Kifaransa ya kuandika namba: 1,250 ni moja na robo. Dar es Salaam, namba hiyo hiyo ni elfu moja mia mbili na hamsini. Katika soko la Musompo, ambako bei ya madini ya wachimbaji wadogo hutegemea uzito na kiwango cha metali, mkato mmoja waweza kuzusha ugomvi.

Saa nayo ina hila yake. Kongo ina majira mawili, na Lualaba hufuata saa ya Lubumbashi, iliyo mbele ya UTC kwa saa mbili. Mzigo uliopokewa saa saba usiku wa kuamkia Jumanne utaonyeshwa na UTC kuwa wa Jumatatu.

5.0 Hitimisho

Yawezekana kupinga kwamba Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hivyo wananchi wake wajifunze usanifu. Hoja hiyo ina uzito kwa vitabu na mikutano. Lakini hati ya malipo haiandikwi ili kufundisha lugha. Kazi yake ni kumwezesha mtu ajue anadai nini na lini. Tunapendekeza TIME_ZONE iwe Africa/Lubumbashi, namba zifuate desturi ya mahali, na kila jina la siku liambatane na tarehe kwa tarakimu. Tafsiri ya sw-CD itungwe pamoja na wazungumzaji wenyewe. Kazi hii isiachiwe mafundi wa kompyuta peke yao, kwani ujuzi unaohitajika ni wa idara zetu za Kiswahili, ambazo kwa muda mrefu zimekiona Kiswahili cha Katanga kuwa kioja cha lahaja badala ya lugha ya watu wenye hesabu zao.