Picha ikigeuka kikwembe

Mchoraji akisema picha zake atazitia kwenye vikwembe, wengi wetu tunafurahi. Picha ya ukutani inaonwa na wageni wachache. Kikwembe kinafika sokoni, kanisani, kwenye arusi na kwenye matanga. Lakini mbele ya kupiga makofi, tuulize: picha ikitoka ukutani na kufungwa kiunoni, inabaki na nini?

Tuangalie mfano wa Tanzania. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli, juu ya vibao vya mraba. Alikufa mwaka 1972. Wafuasi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaanzisha ushirika wenye jina lake. Leo mtindo ule unauzwa hata kwenye vitambaa na mashati. Je, umefaulu? Nusu tu. Madoa yake na majani yake yanapendeza kwenye nguo, kwa kuwa yanaweza kurudiwa bila kuchosha jicho. Lakini mnyama wake mkubwa, aliyejaza kibao peke yake, anaumia: fundi wa kushona anakata, kichwa kinabaki kwenye mkono wa shati, miguu inaenda kwenye kola. Tena mnunuzi anajua jina Tingatinga, lakini yule aliyechora mnyama ule hamjui hata kidogo.

Jirani zetu Wambuti wa Ituri walijua jambo hili zamani. Wanaume wanaponda gome la mti mpaka linalainika, wanawake wanachora juu yake kwa rangi za mimea. Mistari inakwenda, inakatika, inaacha nafasi tupu. Haina katikati, haina juu wala chini. Njo maana ukijifunga vyovyote, mchoro hauharibiki. Ulizaliwa nguo. Ajabu ni kwamba sasa magome yale yanatundikwa ukutani huko Ulaya kama picha!

Hata wax tunazoziita za kwetu zilipita njia ndefu. Kiwanda cha Vlisco, kilichoanzishwa mwaka 1846 kule Helmond, Uholanzi, kiliiga batiki za Java. Lakini wamama wa Afrika walichagua michoro gani iishi, na wakaipa majina: mume wangu anaweza, jicho la mke mwenza. Mchoro mzuri bila jina la sokoni haukai sana. Mchoraji anayetaka kufanya vikwembe akae kwanza na wamama wanaouza, awasikilize.

Sasa tuje kwetu. Siye wa Masisi na Walikale tuna hazina. Mwaka 1956, mzee She-Karisi Rureke aliimba, alicheza na kusimulia habari za Mwindo kwa Kinyanga muda wa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walizitoa kitabuni mwaka 1969. Mwindo alizaliwa na conga mkononi, usinga ule wenye nguvu, na kwa conga aliwafufua watu wa Tubondo. Mchoraji gani hatatamani kuichora?

Aichore. Lakini kuitia kwenye kikwembe ni neno lingine. Kikwembe tunakikalia, tunabebea mtoto, na kikichakaa tunapangusia meza. Tulishaona nyuso za wakubwa wa nchi zikichapwa kwenye nguo, halafu zikakaliwa. Conga ni kitu cha heshima, tutakubali ikaliwe? Mimi sikubali. Achague vitu vinavyovumilia kurudiwa na kukatwa: majani ya mwitu, kamba, umeme wa Nkuba, wanyama ambao Mwindo alikatazwa kuwaua. Hapo hadithi itatembea bila kudharauliwa, na mtoto atamuuliza mama yake: umeme huu ni wa nani?

Tena tuongeze neno la haki. Kwenye ukingo wa kila kitambaa viwanda vinaandika jina lao. Basi jina la mchoraji na la msimulizi yaandikwe hapo pia, na faida ifike kijijini kulikotoka hadithi. Wakubwa wetu walisimulia bure kando ya moto. Hawakusema tuwauze.