Usiipoke a-unganifu kazi yake ukaipa 'kwa'

Ukitaka kujua kama sentensi ya Kiswahili ilifikiriwa kwanza kwa Kiingereza, usihangaike na msamiati. Tazama mahali ambapo nomino mbili zinakutana. Hapo ndipo tafsiri hujianika.

Hebu tuzitazame sentensi hizi: "Serikali inatafuta suluhisho kwa tatizo la maji." "Kumekuwa na ongezeko katika bei ya unga." "Sababu kwa kuchelewa kwa mradi ni uhaba wa fedha." "Elimu ni ufunguo kwa maisha bora." Kila neno katika sentensi hizi ni la Kiswahili, na msomaji anaelewa kinachosemwa. Hata hivyo, sikio lililozoea lugha linakataa. Kilichokopwa hapa ni gundi inayoyashikanisha maneno.

Katika Kiingereza, kila nomino ya aina hii huja na kihusishi chake mkononi. Neno la 'suluhisho' hutaka 'to', la 'sababu' hutaka 'for', la 'ongezeko' hutaka 'in', na la 'shambulizi' hutaka 'on'. Hakuna kanuni moja ya kumwongoza mwanafunzi. Lazima avikariri vihusishi hivyo kimoja kimoja. Mwanafunzi wa Kenya, ambaye husomeshwa masomo mengi kwa Kiingereza, hukaririshwa hadi vikamganda akilini. Anaposhika kalamu kuandika Kiswahili, vihusishi hivyo humfuata: 'to' na 'for' zinageuka 'kwa', nayo 'in' inageuka 'katika'.

Kiswahili hakina haja ya msururu huo. Kina a-unganifu, ambayo E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, aliieleza kuwa 'a' ya uhusiano. Ni mzizi mmoja tu, unaovaa kiambishi cha ngeli ya nomino inayotangulia: suluhisho la tatizo, ongezeko la bei, sababu ya kuchelewa, ufunguo wa maisha bora. Aina ya uhusiano huamuliwa na nomino zenyewe pamoja na akili ya msikilizaji. Kikombe cha chai kina chai au ni cha kunywea chai, kikombe cha udongo kimefinyangwa kwa udongo, na kikombe cha babu ni mali ya babu. Uhusiano ni tofauti kila mara, lakini 'cha' ni ile ile na hakuna anayechanganyikiwa.

Linganisha jambo hili na mazungumzo ya soko la Ekalakala, katika kaunti ndogo ya Masinga, Machakos. Wengi wa wanaouza na kununua pale walinyonya Kikamba kabla ya kujifunza Kiswahili. Kikamba nacho huunganisha nomino kwa mzizi huo huo wa 'a' unaobadilika kulingana na ngeli: mwana wa, syana sya, nyũmba ya. Kwa hiyo, utamsikia mtu akiuliza, "Iko dawa ya ng'ombe?" Mwingine atasema, "Leta ile ufunguo ya stoo," au, "Bei ya ndengu imepanda." Mwalimu wa sarufi atashtuka kusikia "ufunguo ya", na ana haki ya kushtuka, kwa kuwa upatanisho umevunjika. Lakini na asikilize vizuri. Hakuna hata mmoja atakayesema "dawa kwa ng'ombe" au "ufunguo kwa stoo".

Makosa ya namna hiyo hutoka kwa waliosoma. Utayakuta katika ripoti, katika hotuba na katika matangazo yanayobandikwa ukutani. Mtu wa soko hukosea upatanisho na kuupata uhusiano. Mtu wa ofisi huupata upatanisho na kukosea uhusiano. Ajabu ni kwamba tunamcheka wa kwanza na kumnukuu wa pili.

Upatanisho wenyewe si pambo, na anayeukwepa kwa kuingiza kihusishi kisichobadilika anapoteza kitu. Chukua maneno "mradi wa maji wa Ekalakala" na "mradi wa maji ya Ekalakala". Katika fungu la kwanza, mradi ndio wa Ekalakala. Maji yanaweza kutoka kokote, hata kwenye bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981 katika Mto Tana. Katika fungu la pili, maji ndiyo ya Ekalakala, na mradi unaweza kuwa unayapeleka kwingine. Herufi moja inatenganisha wanaonufaika na wanaonyang'anywa. Mwandishi anayeandika "mradi wa maji katika Ekalakala" ameifuta tofauti hiyo, tena ameweka 'katika' mbele ya jina la mahali lisiloihitaji. Sehemu kame kama hii, ambapo maji ni suala la uhai, haistahili tangazo la kubahatisha.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaoifyeka kila 'kwa' iliyo kati ya maneno mawili. Wapo wahariri na walimu wa namna hiyo, na bidii yao inaharibu Kiswahili kizuri. Kwanza, katika "kuchelewa kwa mradi", 'kwa' ni a-unganifu kamili ya ngeli ya KU. Ni ndugu ya 'la' na 'cha', na hakuna cha kusahihishwa. Pili, nomino zinazobeba kitu kinachopelekwa kwa mtu huhitaji 'kwa': salamu kwa wazee, shukrani kwa wafadhili, pongezi kwa washindi. Barua kwa mhariri ni ile anayoandikiwa; barua ya mhariri inaweza kuwa ile aliyoiandika yeye. Mwenye kuifyeka 'kwa' hapo amembadilisha mpokeaji akawa mtumaji.

Tena, lazima tukiri kwamba a-unganifu ina udhaifu wake. Haituambii nani ametenda na nani ametendwa. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na hapo panzi ndio wanaopigana. Tukisema "vita vya ufisadi", ufisadi ndio unaopigwa, nasi tunaelewa kwa sababu ufisadi hauwezi kushika rungu. Lakini nomino ya pili inapokuwa ya watu wenye uwezo wa kutenda na kutendwa, mambo hugeuka. "Mchango wa kanisa" ni fedha zilizotolewa na kanisa au zilizochangwa kwa ajili ya kanisa? Kwenye harambee, mweka hazina akiandika hivyo bila kufafanua, ugomvi unamngoja mlangoni.

Mfano unaoniumiza zaidi ni "mauaji ya polisi". Maneno haya yanaweza kumaanisha kwamba polisi wameua, na yanaweza kumaanisha kwamba polisi wameuawa. Katika nchi hii, habari za aina zote mbili zimewahi kuandikwa, na kila moja ina familia inayolia. Msomaji hapaswi kufika aya ya tatu ndipo ajue maiti ni ya nani.

Je, dawa ni kukopa vihusishi vya Kiingereza? Hasha. Kiingereza chenyewe hakijapona ugonjwa huu. Noam Chomsky, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu miundo ya sentensi, alijadili fungu la maneno ya Kiingereza lenye maana mbili: huwezi kujua kama wawindaji walipiga risasi au walipigwa. Ukilitafsiri fungu hilo kwa Kiswahili, utalazimika kuchagua: kupiga risasi kwa wawindaji, au kupigwa risasi kwa wawindaji. Kitenzi-jina chetu hubeba kauli ya kutendwa ndani yake, na kiambishi kimoja kinamaliza utata ambao kihusishi cha Kiingereza kimeshindwa kuumaliza.

Basi tuutumie utajiri huo. Badala ya "mauaji ya polisi", andika "kuuawa kwa polisi" ikiwa wao ndio waliokufa, na "mauaji yaliyofanywa na polisi" ikiwa wao ndio waliotenda. Badala ya "shambulizi kwa kijiji", andika "kushambuliwa kwa kijiji". Badala ya "mchango wa kanisa", andika "mchango wa kujenga kanisa" au "mchango uliotolewa na kanisa". Na 'dhidi ya' itumike penye upinzani wa kweli unaoweza kueleweka vibaya, kwa mfano "ushahidi dhidi ya mshtakiwa", kwa sababu "ushahidi wa mshtakiwa" ni ule anaoutoa mwenyewe. Kwenye "chanjo ya polio" haina kazi. Mzazi anayesikia maneno hayo anaelewa kwamba chanjo hiyo ni ya kumkinga mtoto na polio.

Mwandishi mwenye shaka ana njia rahisi ya kujipima. Aigeuze nomino ya kwanza kuwa kitenzi. "Ongezeko katika bei": nini kimeongezeka? Bei imeongezeka. Basi ni ongezeko la bei. "Suluhisho kwa tatizo": nini kitasuluhishwa? Tatizo. Basi ni suluhisho la tatizo. "Salamu kwa wazee": nani wanasalimiwa? Wazee, nazo salamu zinawaendea, 'kwa' ibaki. "Hofu ya wanafunzi": nani anaogopa? Ikiwa swali lina majibu mawili, a-unganifu peke yake haitoshi, na sentensi irudi kwa mwandishi kabla haijaenda kwa msomaji.